Wavu wa Mama Pacha

6 Februari

Baba Pacha,

Jumapili ulipopiga simu nilisikia "mke wangu", halafu upepo, halafu mwanamume mwingine akisema, "Wewe fupisha, wenzako tunasubiri." Ikakatika. Najua huko kambini mtandao unashika juu ya lile rundo la kokoto tu, na mnapanga foleni kama watu wa kuchota maji. Basi acha niandike. Lori la vipuri likija huko litakuletea, na angalau hakuna atakayesimama mgongoni kwako kusikiliza mambo ya mkeo.

Sisi wazima. Pacha wako wameanza muhula na wanagombana huko chuoni kama walivyogombana tumboni. Mmoja anasema mwenzake anavaa nguo zake, mwenzake anasema sura ni moja kwa hiyo nguo ni za wote. Nimewaambia wamalizane huko huko, wasinipigie mimi.

Saluni ina wateja. Jana nilimsuka bi harusi mtarajiwa aliyekuja na mama mkwe wake, na mama mkwe akawa ananielekeza kila msuko uende wapi, mpaka yule binti akamwambia, "Mama, kichwa ni changu." Nilizima kikausha nywele nisikie vizuri. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Nimependa. Mwanangu amepata mtu." Ilibidi niende chumba cha nyuma nikajifanye natafuta kitana.

Siku hizi nasuka nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kirefu, na lile kundi letu la kutembea jioni nimelipumzisha kidogo. Miguu tu, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu ulipokuja likizo, sababu ya kulala kwangu chumba cha watoto ilikuwa joto. Unajua chumba chetu bati linavyokipika. Usinielewe vibaya.

Kula vizuri. Na ile kofia ngumu uivae, usiitundike kwenye winchi kama pambo. Nakujua.

Mkeo,
Mama Pacha


19 Februari

Mke wangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa ndani ya winchi wakati wanafunga vyuma. Huko juu ni kijibanda cha vioo, mtu mmoja tu anaenea, na mto wote unauona. Nilicheka peke yangu kwa huyo mama mkwe, fundi wa chini akanipigia redio: "Baba Pacha, kuna usalama huko?"

Daraja linaendelea. Wiki hii tumeanza kuweka zile boriti ndefu za katikati. Mtu wa chini ananionyesha kwa mkono, mimi nashusha taratibu mpaka tundu la boriti likutane na tundu la nguzo. Ukikosea kwa upana wa kidole, unaanza upya. Jioni shingo inakuwa kama si yangu.

Sasa niseme lililo moyoni, maana kwenye kokoto siwezi. Nilipokuja nyumbani nilinunua sabuni mpya, ile yenye harufu ya ndimu, kwa sababu nilihisi labda ni harufu ya dizeli. Kuhusu kukoroma, kuna jamaa hapa amenifundisha kulala ubavu, na anasema nimepunguza. Kwa hiyo kama ni dizeli, au kukoroma, au hiki kitambi, sema tu. Mimi si mtoto. Joto nilikubali, lakini mke wangu, ule ulikuwa msimu wa mvua. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi.

Sikulaumu. Tumekaa pamoja miaka mingi na mtu huchoka.

Kampuni imepata kazi ya daraja la pili, mbali zaidi, ng'ambo ya milima. Wameniuliza kama nitakwenda hili likiisha, nikasema ndiyo. Nimeona labda itakupa nafasi ya kupumua.

Wasalimie pacha.

Mumeo,
Baba Pacha


3 Machi

Baba Pacha,

Barua nimeipata. Kazi ni kazi. Umeamua, basi sawa.

Mlango wa uani umelegea bawaba, nitamwita fundi.

Mama Pacha


9 Machi

Mdogo wangu,

Ni mimi dada yako. Najua utashangaa, maana mara ya mwisho kukuandikia ulikuwa bado unachezea matope. Nimemwomba dereva wa lori asiipe barua hii mtu mwingine isipokuwa wewe.

Mkeo anaumwa. Ameniapisha nisikwambie ni nini, kwa hiyo sikwambii. Lakini hakuniapisha nisikwambie kwamba wewe ni mjinga, kwa hiyo hilo nakwambia bure.

Unajua mimi nasimama kwenye kaunta ya duka la dawa kuanzia asubuhi. Kila mtu anayekuja kununua dawa nusu dozi namjua kwa viatu. Sasa wifi yangu alikuwa anamtuma msichana wa duka la jirani aje kununua vidonge vya maambukizi. Wiki hii hivi, baada ya wiki mbili vile. Mara ya mwisho nikamwambia yule msichana, "Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe, anayeumwa ndiye ananunua." Akaja. Alipanda vile vingazi vyetu vya mbele kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Nikafunga duka. Nikampeleka stoo, nikamkalisha juu ya boksi la dripu, nikamwambia, "Wifi, ama unaniambia ama nalia mimi." Akaniambia. Nikalia hata hivyo.

Baadaye akatoa ile barua yako ya daraja la pili. Alikuwa nayo kwenye pochi. "Wifi," akaniambia, "mdogo wako ananikimbia, na sina uso wa kumwita arudi." Nilisoma pale uliposema unampa nafasi ya kupumua. Mdogo wangu, ungekuwa karibu ningekuzaba kofi.

Muulize. Muulize kwa upole, si kwa sauti ile ya kwenye redio ya winchi.

Dada yako


15 Machi

Mke wangu,

Unaumwa nini?

Dada ameniandikia na hakusema. Nimemaliza zamu leo nimeshuka ngazi za winchi nikishikilia chuma kwa mikono yote miwili, mimi ambaye nazipanda na kuzishuka nikila mkate. Nimefikiria kila ugonjwa ninaoujua, na usiojulikana pia. Niambie hata kama ni mbaya. Niambie hata kama unadhani haunihusu.

Sikukimbii. Nani amekwambia nakukimbia? Nilidhani wewe ndiye unanisukuma.

Dereva anaondoka sasa hivi, anapiga honi. Jibu haraka.

Mimi


22 Machi

Mume wangu,

Nimefunga saluni mapema, nimekaa mezani, nimemimina chai na imeshapoa. Acha nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitaogopa na kuishia hapo hapo.

Unakumbuka pacha walivyokuja. Wa kwanza alitoka akinichana, wa pili akafuata njia ile ile kabla haijapumzika. Tangu siku ile mkojo wangu haukunisikiliza tena. Nikikohoa, unatoka. Nikinyanyua ndoo, unatoka. Nikicheka ndio kabisa. Wewe umeoa mwanamke unayedhani anapenda sketi nyeusi. Sijawahi kupenda nyeusi. Nyeusi haionyeshi.

Nilikaa hivyo mpaka watoto wakavuka darasa la saba. Ndipo nikafanyiwa ile niliyokwambia kwenye simu ni "operesheni ndogo ya kike". Ulisema Mungu akutangulie, hukuuliza zaidi, na mimi nikashukuru hukuuliza. Walichofanya ni kunipitishia ukanda wa wavu, wa plastiki, mwembamba kama utepe wa kufungia nywele za mtoto. Unapita chini ya njia ya mkojo na kupanda juu pande zote mbili, ushikilie palipolegea. Na ulishikilia! Nilinunua gauni la njano. Nilicheka kwenye msiba wa mjomba wako mpaka nikatolewa nje, unakumbuka, na sikuvuja hata tone. Ile miaka nilikuwa msichana.

Halafu maumivu yakaanza. Kwanza nilidhani nimekaa vibaya. Kisha maambukizi, nameza dawa yanapoa, yanarudi. Kisha damu kidogo kwenye mkojo. Nilikwenda kituo cha afya, mganga akaniambia, "Mama, ni umri." Nikarudi kwa yule aliyenifanyia operesheni. Akasema wavu ule hauna shida, na hata ungekuwa na shida hautoki tena, umeshakuwa nyama yangu. Alisema bila kuinua macho. Nikarudi nyumbani nikameza vidonge.

Sasa lile gumu kuliko yote. Likizo ya kabla ya hii ya juzi, tulipokuwa pamoja, ulishtuka ukasema kuna kitu kimekukwaruza. Ukacheka, ukasema labda nimepoteza hereni. Ulipokwenda kuoga nilijipapasa mwenyewe kwa kidole. Kulikuwa na kitu kigumu kimechomoza, kama nywele za mswaki. Wavu ulikuwa umekata nyama na kutokeza.

Mume wangu, nilijiona kama nyumba yenye misumari ukutani. Nilikuwa naumia kila ulipokuja karibu na nikiuma meno usijue, lakini kukuumiza wewe, hapana. Ndiyo maana chumba cha watoto. Ulinunua sabuni ya ndimu kwa ajili yangu, mwanamume wa watu! Niliposoma pale nililia, halafu nikasoma ulivyokubali daraja la pili, nikajua ndiyo basi, amechoka, na ana haki.

Sasa habari ya leo. Wifi amenipeleka hospitali ya mjini kwa daktari bingwa wa mambo ya mkojo, mwanamke, bado kijana, anavaa viatu vya raba. Huyu aliinua macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanipima. Alipitisha kamera nyembamba mpaka ndani ya kibofu, akageuza skrini na mimi nione. Nikaona uzi wa buluu wa ule wavu umepita ndani ya kibofu changu kama kamba ya kuanikia nguo, na juu yake mawe madogo meupe yameganda. Nikasema, "Kumbe sikuwa nimezeeka." Akasema, "Hapana mama. Ulikuwa unakatwa."

Anasema unaweza kutoka. Zamani walikuwa wanapasua tumbo kwa upana. Yeye atatoboa matundu madogo tumboni, kama ya kifungo cha shati, apitishe kamera na vifaa virefu, autenganishe wavu na kibofu. Na chini atafungua kidogo kutoa kipande kilichobaki.

Lakini kuna neno. Wavu ukitoka, mkojo unaweza kurudi kama zamani. Hakunificha. Na mimi nimekaa hapa siwezi kuamua. Nikibaki nao nitaumia. Nikiutoa nitarudi kwenye sketi nyeusi, na wewe, huko ng'ambo ya milima, utakuwa na mke anayenuka mkojo.

Nimesema yote. Mkono unauma. Usinihurumie, nijibu tu kama mwanamume wangu.

Mama Pacha


30 Machi

Mpenzi wangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya ndoo nyuma ya jiko la kambi, pale moshi unapotokea, ili atakayeniona adhani ni moshi.

Ile hereni niliitafuta. Wewe ulipokuwa jikoni asubuhi yake nilikung'uta shuka, nikapekua chini ya godoro. Nilitaka nikuonyeshe nimeipata. Wewe ulikuwa jikoni unajua ni nini, na mimi nimepiga magoti chini ya kitanda. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Na mimi niseme nilichodhani. Nilidhani umenichoka. Uliponigeuzia mgongo nilihesabu makosa yangu yote tangu tuoane na nikayapata mengi, kwa hiyo sikuona ajabu. Ndipo walipotaja daraja la pili, nikasema kabla hajanifukuza niondoke mwenyewe na heshima yangu. Hayo ndiyo mawazo ya mtu anayeendesha mtambo wa tani mia.

Sasa kuhusu hilo unaloshindwa kuamua. Mwili ni wako, sitakuamulia. Lakini usiniweke mimi upande wa wavu. Mkojo ukirudi, urudi. Nimefua nepi za watoto wawili kwa mkupuo, mkojo haujawahi kunifukuza nyumbani. Kilichonifukuza ni kimya. Mimi nataka mke asiyeumia. Ukivaa nyeusi, njano, au gunia, shauri yako.

Jambo moja ninalokuomba. Mimi sinyanyui mzigo kwa mnyororo niliosifiwa tu na muuzaji. Namtafuta aliyeukagua, namuuliza. Muulize huyo daktari wa raba: ameshatoa nyavu hizi kwa wanawake wangapi? Na ni kitu gani kimewahi kumharibikia? Akikasirika, ondoka. Akikujibu, kaa.

Nimekwenda kwa msimamizi. Nikamwambia mke wangu anafanyiwa operesheni, nahitaji likizo. Akasema, "Wakati huu tunaweka boriti za katikati?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nani atapanda winchi?" Nikamwambia, "Ipumzike, imefanya kazi sana." Akauliza ni operesheni ya nini. Nikamwambia ya kibofu, matatizo ya uzazi wa pacha. Akashika kidevu, akasema mke wake ana watoto watano na hataki kuruka kamba na wajukuu, na yeye alikuwa hajui kwa nini. Likizo nimepata. Daraja la pili bado wananing'ang'ania, wanasema jina langu limeshapelekwa. Hilo tutaona.

Niambie tarehe.

Mumeo, ambaye hajaenda popote


8 Aprili

Baba Pacha,

Nimemuuliza. Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza, akidhani namkosea adabu. Daktari aliweka kalamu chini. Akasema ameshafanya nyingi akiwa na mwalimu wake, na kadhaa akiwa peke yake. Akasema wengi walipona maumivu. Wachache maumivu yalibaki. Na mmoja kibofu kilichanika zaidi katikati ya kazi, akakishona pale pale, na yule mama akakaa na mpira wa mkojo muda mrefu kuliko walivyopanga. "Bado ananipigia simu," akasema. "Mara nyingine kunisalimia, mara nyingine kunilaumu."

Basi nikasema huyu ndiye.

Ni tarehe 21. Pacha sijawaambia. Njoo.

Mama Pacha


11 Mei

Mke wangu,

Nimefika salama, na nimekuta mtu amelalia kitanda changu kwa viatu.

Hatukuandikiana siku zote nilizokuwa nyumbani, na sasa naona kuna mambo sikukwambia kwa mdomo, kwa sababu ukiwa karibu nakutazama tu.

Sikukwambia kuhusu ile benchi. Ulipoingizwa, uliniambia, "Nenda ukanywe chai." Mimi na Dada tulikaa kwenye korido ile yenye feni mbovu. Walisema ingechukua asubuhi. Adhuhuri ikapita. Dada alikuwa anasoma karatasi za dawa zilizobandikwa ukutani, kwa sauti, akikosoa. Nikamwambia, "Dada, nyamaza." Akanishika mkono, dada yangu ambaye hajanishika mkono tangu tukivuka barabara kwenda shule. Tulikaa hivyo.

Daktari alipotoka, raba zake zilikuwa zimefunikwa mifuko ya plastiki. Akasema ametoa karibu wote. Kimebaki kipande kidogo kimeshikana na mfupa, akasema kukifuata kungekuumiza bure na hakina madhara pale kilipo. Akanionyesha kichupa. Nilidhani nitaona kitu kikubwa. Mke wangu, vilikuwa vipande vya utepe uliochakaa, na vijiwe kama punje za chumvi. Nikajiuliza hiki ndicho kilimfanya mke wangu alale chumba kingine. Nilitaka kukikanyaga.

Na sikukwambia ulivyosema ukitoka kwenye nusu kaputi. Ulimshika nesi kichwa ukamwambia, "Nywele zako zimekatika mbele, nani alikubana hivi? Kaa vizuri." Yule nesi akainama kweli, akakaa. Ulimpapasa mpaka usingizi ukakurudia.

Halafu nyumbani. Mara ya kwanza nilipomwaga ule mfuko wa mkojo, uligeuza uso ukutani. Sikusema kitu, nilidhani nikisema nitaharibu. Sasa nasema. Nilikuwa na furaha. Miaka yote kuna mlango ulikuwa unanifungia, na siku ile ulinifungulia huku umegeukia ukuta. Nilibeba ule mfuko kama mtu aliyepewa siri ya serikali.

Mpira utatolewa lini? Usinyanyue ndoo. Mwambie Dada akuzabe akikuona na ndoo.

Mumeo,
Baba Pacha


14 Juni

Baba Pacha,

Mpira ulitoka zamani, na nimekwenda kliniki jana. Subiri, nikwambie kwa mpangilio.

Maumivu yameondoka. Sikuamini mwanzoni. Nilikuwa nakaa kwa kujiegemeza upande, mwili umezoea kuogopa, mpaka siku moja nikajikuta nimekaa katikati ya kiti nasuka, nimemaliza kichwa kizima na sijafikiria chochote. Mteja akaniuliza kwa nini nimesimama ghafla na kukaa tena. Nilikuwa najaribu.

Halafu wiki iliyofuata nilipiga chafya saluni, na mkojo ukatoka. Si kama zamani, lakini ulitoka. Nikaenda chooni nikalia na bomba nimefungulia wasinisikie. Nikajiambia sitakwambia, nitasubiri, labda mkojo utaacha kutoka. Nikakaa na wazo hilo jioni nzima. Baadaye nikajiuliza, kumbe nimetolewa nini kama ninabaki na tabia ile ile? Kwa hiyo nakwambia. Ninavuja. Nikipiga chafya, nikinyanyua kitu, mara nyingine nikicheka sana. Ninavaa pedi nyembamba.

Daktari amenifundisha mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya chini, kama mtu anayezuia. Nafanya nikisuka. Hakuna anayejua isipokuwa wewe, na sasa wifi, maana aliniona nimekunja uso akaniuliza kama natunga swali la mtihani. Nilipomweleza akaanza na yeye. Tunakaa tumetazamana, tunabana, hatuongei, tunacheka, tunaharibu mazoezi yote.

Pacha nimewaambia. Walikuja wikiendi. Niliwakalisha nikawaeleza yote, kuhusu kuzaliwa kwao, wavu na kibofu. Nilitarajia waone aibu. Yule wa kwanza akauliza, "Kwa hiyo ni mimi nilikuchana?" Yule wa pili akasema, "Mimi nilipita tu, njia ilikuwa imeshaharibika." Halafu wote wawili wakanikumbatia mpaka nikawaambia nina mishono. Nataka wajue, wakija kuzaa wao wasikae miaka kama mimi wakidhani ndiyo kuwa mwanamke.

Jana daktari amenikagua, akasema pamefunga vizuri, laini. Akasema, "Mama, mume akija mnaweza kuwa kama zamani." Nikatazama dirisha. Akasema, "Taratibu mwanzoni." Nikasema, "Ahsante daktari." Akasema, "Na mafuta laini kidogo." Nikasema, "Ahsante daktari, nimeelewa!" Wifi nje ya pazia anakohoa kwa makusudi.

Chumba cha watoto nimekifungia. Vitu vyangu vyote nimevirudisha chumbani kwetu.

Kuhusu daraja la pili, sikukatazi. Najua jina lako limeshakwenda. Ila zamani nilikuandikia "umeamua, basi sawa." Haikuwa sawa. Nataka ujue nilikuwa nadanganya.

Nataka urudi.

Mkeo


2 Julai

Mke wangu,

Jana tumekutanisha pande mbili za daraja. Boriti ya mwisho niliishusha mimi. Ilipokaa, mtu wa chini hakunionyesha ishara yoyote, alikaa tu juu ya chuma akavua kofia. Watu wakavuka kwa miguu kutoka kila upande wakasalimiana katikati, na mpishi akavuka akiwa na mwiko mkononi.

Baadaye nikamfuata msimamizi. Nikamwambia, "Ng'ambo ya milima siendi." Akaniuliza, "Si ulisema ndiyo?" Nikamwambia nilisema ndiyo kwa sababu nilidhani nyumbani sitakiwi. Nimepata barua, natakiwa. Akaniuliza nina hakika. Nikaitoa barua mfukoni, nikakunja sehemu zote zisizomhusu, nikamwonyesha mstari wako wa mwisho, yale maneno mawili. Akasoma. Akasema mtu wa winchi atapatikana. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, akaniomba jina la yule daktari. Nimempa.

Kiwanda cha mabati kule nyumbani kinahitaji mtu wa mtambo wa ndani. Ni mdogo, haunyanyui hata nusu ya huu, na anayeuendesha anarudi kwake kila jioni.

Kuhusu kuvuja. Nimefurahi umeniambia, nimefurahi kuliko habari ya daraja. Tutaweka taulo kwenye gari la kuazima tukisafiri, tutajua choo kiko wapi kila tunapokwenda, na wewe utaendelea kubana na kuachia. Kuhusu lile la daktari na dirisha, mimi pia ninaona haya, kama siku ya kwanza. Tutakwenda taratibu. Na ukiumia hata kidogo utasema, na mimi nitasimama, na hatutatafuta hereni yoyote.

Lori linaondoka leo na barua hii. Mimi naondoka na lori la kesho kutwa, nikishamkabidhi mwenzangu funguo za winchi. Kwa hiyo hii usiijibu. Jibu lako litafika hapa likute kitanda changu kinalaliwa na mwingine, na fundi asiyenijua ataanza kusoma mambo yako.

Kama una la kusema, liweke. Utaniambia.

Mumeo,
Baba Pacha